Daktari wa Bosi

Daktari aliyelipwa na bosi ili akupime si daktari wako. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, akakuitikia salamu vizuri, akakuulizia watoto, akakugusa mgongo kwa upole kuliko yule wa zamu aliyechoka pale spitali. Lakini ukishatoka mlangoni kwake hana dawa aliyokuandikia wala siku aliyokuambia urudi. Yeye kazi yake ni kujibu barua. Hilo nililijua kwanza kwa mgongo wangu mwenyewe, halafu nikalijua vizuri zaidi nilipochaguliwa mwakilishi wa wafanyakazi na kuanza kuwasindikiza wenzangu kwa madaktari wa namna hiyo. Watu wa kwetu Mangapwani wanaofanya kazi mahotelini ni wengi, na bado nakutana na aliyeingia chumbani kwa daktari akidhani amepelekwa kutibiwa.

Kwetu ni kijiji cha pwani ya magharibi ya Unguja, mwendo wa kilomita ishirini na kitu kaskazini ya mjini, watu wa dau na jembe. Utalii ulipochanganya miaka ya 1990, vijana wakaanza kupanda gari za alfajiri kwenda Mji Mkongwe, kupita Chuini, Bububu na Mtoni, na kurudi usiku. Nami nilikuwa miongoni mwao. Nilishika stoo katika hoteli moja iliyokuwa nyumba ya zamani ya mawe, ngazi zake za mbao zimesimama wima, na mkahawa wake uko juu ya paa, kwa sababu mgeni hupenda kula huku akitazama jua linazama baharini. Chakula kilipikwa kulekule juu. Na gesi haipandi yenyewe.

Kipimo cha kwanza tulichokijua kilikuwa cha watu wa jikoni. Kila anayegusa chakula cha watu, awe mpishi, msaidizi wake au mpeleka sahani, hupimwa choo na mkojo kila baada ya miezi 6, akapewa cheti. Manung'uniko hayakuwa mengi, isipokuwa juu ya kile kikopo. Mtu mzima mwenye ndevu na kofia ya vito anapita Darajani asubuhi, kikopo mfukoni, anaomba Mungu asikutane na mkwewe. Zaidi ya hapo kila mmoja alielewa. Kisiwa hiki kinakijua kipindupindu tangu karne ya 19. Daktari Mskoti aliyefanya kazi hapa mjini, James Christie, alikiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1876. Mpishi mgonjwa hamdhuru bosi peke yake.

Ila hata kipimo hicho chenye sababu ya wazi kina upande ambao watu huusahau, na mfano wake mkubwa uko mbali na sisi. Mary Mallon alikuwa mpishi wa nyumba za matajiri New York, mzaliwa wa Ireland. Mwaka 1907 iligunduliwa kwamba alikuwa amebeba vijidudu vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuumwa, na familia alizozipikia zilikuwa zikiugua moja baada ya nyingine. Wakuu wa afya wakamtenga kisiwani. Mwaka 1910 wakamwachia kwa ahadi kwamba hatapika tena. Akapewa kazi ya udobi, ambayo mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa upishi. Akabadilisha jina, akarudi jikoni, na mwaka 1915 alikamatwa tena, safari hii akipika katika hospitali ya wazazi. Alibaki kizuizini mpaka kufa kwake mwaka 1938. Wengi huisimulia hadithi hii kuonyesha ukaidi wa mwanamke. Mimi naiona ni hadithi ya watu waliopima mwili barabara, wakaona kazi yao imekwisha, na riziki ya yule mtu wakaiacha ijitafutie njia.

Sasa mgongo. Mtungi mkubwa una kilo 38 za gesi, na chuma chake ni mzigo mwingine juu ya huo. Tulikuwa tukiupandisha watu wawili, mmoja juu anavuta, mmoja chini anasukuma kwa bega. Siku moja wa juu aliteleza, uzito wote ukanijia mimi. Sikuanguka, na mtungi haukuanguka. Kiuno kilishtuka mara moja tu, lakini kesho yake sikuweza kuinama kuvaa viatu.

Spitali nikapewa ED. Aliyewahi kuajiriwa Tanzania hana haja ya kuelezwa herufi hizo mbili. Asiyewahi ajue kwamba ni karatasi ya daktari inayosema mtu huyu apumzike. Ya kwanza ilipokwisha nikapewa ya pili. Kwenye ya tatu ofisi ikachoka. Niliitwa, nikakabidhiwa bahasha iliyogundishwa na kupigwa muhuri, nikaambiwa niipeleke kwa daktari fulani mjini, malipo yameshafanywa. Nimebeba vitu vingi kwenye daladala, kuku, mashelisheli, hata pweza anayevuja maji kwenye miguu ya abiria. Sijabeba kitu kigeni kama ile bahasha: habari za kiuno changu zimo mkononi mwangu, na mimi ndiye nisiyeruhusiwa kuzisoma.

Daktari aliisoma kimya. Akanilaza, akainua mguu mmoja mmoja, akauliza naumia wapi. Akauliza nyumbani nina shughuli gani. Nikamwambia tuna shamba la muhogo, nalima siku za mapumziko. Ni kweli, na nani Mangapwani hana japo matuta mawili? Alipomaliza kuandika nikamwomba dawa ya maumivu. "Dawa utaipata kwa daktari wako, kaka," akanijibu, na wala hakusema kwa ubaya.

Ripoti ilipofika ofisini nilisomewa kipande chake. Ilisema nina maumivu ya kiuno ambayo huenda yametokana na kulima, na kwamba naweza kuendelea na kazi ya ukarani wa stoo. Nilikasirika, lakini nilipotulia nikaona kwamba hakuna hata neno moja la uongo pale. Karani wa stoo kwenye karatasi ni mtu anayekaa, anayeandika, anayehesabu magunia. Daktari aliulizwa kama karani wa stoo anaweza kuendelea kuwa karani wa stoo, naye akajibu alichoulizwa. Mtungi haukuwemo kwenye barua. Ngazi hazikuwemo. Paa halikuwemo. Muhogo umeingia kwa sababu uliulizwa.

Hapo ndipo nilipopata jambo ambalo nimekuwa nikilirudia kwa kila anayenijia: kipimo hakiwezi kuzidi swali lililokituma. Watu hushughulika na daktari, kama ni hodari, kama kahongwa, kama ni rafiki wa meneja. Nimekutana na madaktari wa kila namna, na aliyehongwa sijamwona. Niliowaona ni madaktari waliopewa swali bovu wakatoa jibu zuri la swali bovu. Na swali huandikwa ofisini, na mtu ambaye pengine hajawahi kupanda ngazi zile akiwa na kitu kizito kuliko simu.

Mwenyekiti wa tawi letu la chama cha wafanyakazi, mzee mtulivu aliyekuwa mhudumu wa chumba cha kulia, hakupiga kelele. Alikwenda ofisini akaomba nakala ya barua iliyopelekwa kwa daktari. Ilikuwa na mistari miwili. Akaomba iandikwe nyingine, ieleze mtungi, ngazi na paa, na iulize: akiwa na kiuno hiki, kipi kati ya hivi anaweza, kipi hawezi, na kwa muda gani? Ofisi ilikubali, nadhani zaidi kwa kuchoshwa kuliko kwa kusadiki. Daktari yuleyule, mgongo uleule, jibu likawa jingine. Nisinyanyue kizito kwa miezi kadhaa, nisipande ngazi na mzigo, mengine yote naweza. Halikuwemo jina la ugonjwa wowote, na ofisi haikulihitaji. Baadaye fundi mmoja wa majahazi akaitwa kufunga roda na kamba pale juu, mitungi ikaanza kupanda kwa nje ya ukuta, na wageni wakawa wanaipiga picha.

Mwenyekiti alipostaafu nilishika nafasi yake. Wa kwanza kunijia alikuwa dobi, mama wa makamo kutoka Bumbwini. Vidole vyake vilikuwa vikifa ganzi usiku, ngozi ya viganja imechanika, na bahasha alikuwa ameshapewa. Kabla hajaenda tulikaa katika chumba cha kufulia tukaandika kazi yake kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kama alivyoisema. Kapu la mashuka yaliyolowa tulilipima kwa mizani yangu ya mchele, likapita kilo 25. Tuliandika jiki kiasi gani anatia, mara ngapi kwa siku anakamua kwa mkono kwa sababu mashine ya kukamulia imekufa, na kwamba glavu zipo ila ni za ukubwa wa mkono wa mwanamume, zinajaa maji, kwa hiyo huzivua. Hilo la glavu nisingelijua milele. Bosi asingelijua. Daktari ndiyo kabisa.

Aliurudisha ukurasa ule ukiwa na mistari ya kalamu nyekundu. Daktari alikuwa ameusoma mbele yake na kumuuliza juu ya kila kitu kilichomo, na ripoti yake ikazungumzia glavu, mashine na zamu. Mama yule akaniambia kitu ambacho kimenikaa: kwamba tangu aanze kuajiriwa, ile ilikuwa mara yake ya kwanza kuulizwa na mtu aliyesoma anavyofua.

Wala si jambo jipya hilo la kuuliza. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya maradhi ya watu wa kazi mbalimbali. Aliwaambia madaktari wenzake kwamba juu ya maswali yote waliyoachiwa na Hippocrates waongeze moja: unafanya kazi gani? Katika kitabu hicho wamo wachimba madini, wafinyanzi, na madobi pia, ambao mikono yao aliiona imeliwa na maji ya majivu. Zaidi ya miaka 300 baadaye ukurasa wa dobi wa Bumbwini ulikuwa unalijibu swali lake.

Nisije nikaonekana nasema kwamba kila aliye na ED kwangu ni mgonjwa na kila meneja ni dhalimu. ED za kununua zipo. Nimekaa kwenye stoo nikihesabu ED zinavyomiminika siku ya pili ya Sikukuu, na kila Julai hoteli zilizo na watu wengi wa Makunduchi hukumbwa na homa ya ghafla wiki ya Mwaka Kogwa, homa ambayo huisha yenyewe maji yakishaogwa. Meneja anayelipa mshahara wa mtu aliyelala, na kumlipa kibarua anayemshikia zamu, ana haki ya kutaka jicho la pili. Dereva anayepoteza fahamu asiendeshe wageni. Mpiga mbizi mwenye sikio bovu asizamishwe. Mwenye kuona kwamba mwajiri hapaswi kuuliza kitu chochote juu ya mwili wa mfanyakazi hajawahi kuwa kwenye boti ambayo nahodha wake haoni.

Haki hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe naona hauna utata: mwajiri aulize habari za kazi, si habari za mtu. Anaweza, hawezi, anaweza akipunguziwa hiki. Jina la ugonjwa, dawa anazomeza, mimba, mambo ya nyumbani, hayo yabaki kwa daktari. Sheria za Bara zimelikaribia jambo hili. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kwa maradhi aongozwe na maoni ya daktari aliyesajiliwa, na aangalie kwanza kama kazi inaweza kurekebishwa. Huko likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Kwetu Zanzibar mambo ya kazi si ya Muungano, tuna Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2005 na sheria yetu ya usalama na afya kazini ya mwaka huohuo. Nimeona wenzangu wakipeleka vifungu vya Dar es Salaam mbele ya Afisa Kazi wa Unguja, wakarudishwa nyumbani kabla ya chai.

Katika semina moja ya chama tuliletewa kesi mbili ambazo mimi huzisimulia mara kwa mara. Ya kwanza ni ya Afrika Kusini. Jacques Hoffmann aliomba kazi ya kuhudumia abiria katika shirika la ndege la nchi hiyo mwaka 1996. Alifaulu usaili, akapelekwa kupimwa, na daktari akaandika kwamba afya yake inafaa kwa kazi. Kisha majibu ya damu yakaja na virusi vya UKIMWI, na ripoti ileile ikabadilishwa: hafai. Mwili ulikuwa uleule wa asubuhi. Septemba 2000 Mahakama ya Katiba iliamuru apewe kazi. Ya pili ni ya Kenya, ambako sheria ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi hivyo ili aajiriwe. Mama mmoja, aliyetajwa mahakamani kwa herufi VMK tu, alipimwa bila kujua katika uchunguzi wa kuingia kazini katika chuo kikuu kimoja cha Nairobi, na kwa miaka akanyimwa ajira ya kudumu. Mwaka 2013 mahakama ya kazi ilimpa fidia ya karibu shilingi milioni 7 za Kenya. Pale semina dobi wetu aliuliza swali ambalo mtoa mada hakuwa amejiandaa nalo: sindano ikishaingia, mtu atajuaje damu yake inatafutwa nini? Jibu pekee ninalolijua ni la kabla ya sindano. Uliza orodha ya vipimo, na uione imeandikwa.

Uingereza wamekwenda mbali kidogo. Tangu mwaka 1988 wana sheria inayompa mfanyakazi nafasi ya kuiona ripoti ya daktari wake kabla haijafika kwa mwajiri, na kuomba kilichokosewa kirekebishwe. Ila sheria hiyo inamhusu daktari anayekutibu, na daktari wa kukodiwa ambaye hajawahi kukutibu haingii humo moja kwa moja. Hata kule, basi, yule wa bahasha amepata upenyo.

Mangapwani ina mahali ambapo wageni huletwa kwa mabasi kuangalia: chumba cha watumwa, kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe karibu na bahari. Hutajwa kuwa ni cha Mohammed bin Nassur al-Alwi, na kilitumika baada ya mkataba wa Juni 1873 uliomfanya Sultani Sayyid Barghash alifunge soko la watumwa la mjini, biashara ikawa ya kuficha. Nimekulia karibu na chumba kile na sipendi mtu anayelinganisha kila kero ya kazini na utumwa. Anayefanya hivyo hajashuka chini akakaa japo dakika tano mlango ukiwa umezibwa. Lakini kuna ripoti ya nahodha Mwingereza, Thomas Smee, aliyefika Unguja mwaka 1811. Ameeleza jinsi mnunuzi sokoni alivyokagua kinywa na meno, kisha kiungo baada ya kiungo. Ukaguzi wa afya kwa ajili ya kazi, basi, umekuwepo katika mji huu kabla ya hospitali yoyote. Katika ukaguzi ule aliyeshikwa meno hakuwa na la kusema. Sisi tunalo, na hilo ndilo linaloniudhi ninapomwona kijana mwenye mkataba na kitambulisho cha Mzanzibari anaingia kwa daktari, anavua shati, anavaa shati, anatoka, na hajasema kitu zaidi ya "naam".

Mpwa wangu aliniudhi hivyohivyo, masikini, ingawa hakuwa na kosa. Alikuwa akijiandaa kwenda Omani kufanya kazi za nyumbani, kama wasichana wengi wa Kaskazini. Nchi za Ghuba hazimpokei mfanyakazi mpaka apite medikali katika vituo zilivyoviidhinisha: damu, mkojo, picha ya kifua, na mimba kwa wanawake. Majibu huingia kwenye mtandao wao kabla ya yote, na mwenye mwili huambiwa neno moja, kafaulu au kafeli. Yeye alifeli. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Wakala alidai pesa zake za usumbufu, majirani wakaanza kuhesabu miezi wakimtazama tumbo, na mama yake, dada yangu, akaacha kutoka nje. Hayo yote yametoka kwenye neno moja.

Nilimchukua tukarudi kuidai ile picha ya kifua. Walituzungusha, lakini tuliipata, tukaenda nayo kwa daktari wa kifua spitali ya serikali. Aliiinua kwenye mwanga na hakuchukua muda. Palikuwa na kovu dogo kwenye pafu. Mpwa wangu aliwahi kuugua kifua kikuu akiwa mdogo, akameza dawa, akapona; dada yangu ndiye aliyekuwa akimpeleka kituo cha afya. Hana ugonjwa, haambukizi mtu, anaweza kufanya kazi yoyote. Lakini kwa kanuni za Ghuba kovu la zamani la kifua kikuu linatosha kumkatalia mtu, hata akiwa amepona miaka mingi. Daktari akamwandikia barua ya kusema amepona. Haikumfikisha Omani, na nilijua haitamfikisha. Ilimfikisha kwa majirani, ambako dada yangu aliisoma kwa sauti barazani kwa kila mwenye masikio.

Kesi ya mpwa wangu ndiyo inayonifanya niseme kwamba swali peke yake halitoshi. Pale swali lilikuwa wazi kabisa na liliulizwa kwa kila mtu sawasawa. Kilichokosekana ni njia ya kurudi: mtu aliyepimwa kuambiwa kilichoonekana, na kupata pa kukipinga. Mwajiri wa Muscat anaweza kuwa na sababu ya kutomtaka. Yule msichana alikuwa na haki ya kujua kovu limo kifuani mwake, na angeweza kuambiwa na mtu aliyevaa koti jeupe siku ileile, kwa dakika mbili. Kwangu mimi hili la kunyamaziwa ni baya kuliko la kukataliwa, na nimeshabishana na wenzangu wa chama wanaodhani kinyume. Mtu akikataliwa Omani anatafuta kazi Paje. Mtu ambaye mwili wake umeonekana una kitu, na hajui ni kitu gani, anaanza kwenda kwa waganga.

Nimestaafu sasa, lakini bahasha zinanifuata mpaka barazani. Mangapwani inabadilika, Serikali ina mradi wa bandari jumuishi hapa, na vijana ambao baba zao walikuwa wa dau na jembe wanaulizwa na makampuni kama wanaweza kuendesha winchi, kupanda minara, kushuka majini. Medikali zitakuwa nyingi, na zitakuwa na maana kuliko zetu za hotelini, kwa kuwa winchi haina mzaha.

Juzi alikuja kijana wa jirani na barua yake ya kwanza, ya kampuni moja ya kazi za baharini. Bahasha haikugundishwa, maendeleo hayo. Ndani uliandikwa mstari mmoja, ukimwomba daktari athibitishe kama kijana huyu anafaa kwa kazi. Nikamuuliza kazi gani. Akasema walimwambia ya kupiga mbizi, lakini mwenzake aliyeajiriwa naye amewekwa ghalani, na wa tatu amepewa kazi ya kuchomelea vyuma. Tukapiga simu ofisini kwao. Aliyepokea alikuwa na adabu, akaniita mzee, akaniambia hiyo ndiyo fomu wanayotumia kwa wote na kazi ni kazi. Nikamuuliza kama yeye anaweza kukaa chini ya maji mita 10. Akacheka. Nikamwambia na daktari naye atacheka, halafu ataandika "anafaa", kwa sababu kwa kitu kisichotajwa kila mtu anafaa. Ameahidi kuituma barua nyingine Jumatatu, yenye kina, vifaa na saa za kazi. Kijana anataka kwenda kupimwa kesho hivyohivyo, anaogopa nafasi itachukuliwa na mwingine, na mama yake yuko upande wake. Mimi nimemwambia asubiri Jumatatu. Hatujaafikiana.